Tusiwacheke Wanaonakili

Mwezi uliopita tulialikwa kutazama kazi za vijana wanaojifunza uchoraji wa rangi za mafuta katika chumba kimoja cha skuli hapa Unguja, chumba ambacho asubuhi ni darasa la hesabu na jioni hugeuka kuwa karakana. Palikuwa na picha za majahazi, za milango ya Mji Mkongwe na za wauza samaki. Lakini picha iliyotusimamisha ilikuwa pembeni, imeegemezwa juu ya dawati. Ilikuwa ni sura ya mwanamume mwenye ngozi ya kahawia, nywele nyingi nyeusi na ndevu, amevaa koti la kijivu na ukosi mpana mweupe, mkono mmoja ameukunja mbele ya mwili, naye anamkabili mtazamaji bila ya kuinamisha macho.

Mmoja wa maofisa tuliofuatana nao aliuliza huyu ni nani. Mwalimu akamjibu kwa adabu kuwa hiyo ni nakala ya picha iliyochorwa Roma mwaka 1650, na kwamba mtu yule ni Juan de Pareja, aliyekuwa mtumwa wa mchoraji mwenyewe aliyemchora. Ofisa akacheka. Akamgeukia binti aliyeifanya kazi ile, ambaye umri wake haukuzidi miaka 19, akamwambia: "Sasa mwanangu, rangi zote hizi za ghali, nawe umekaa miezi mitatu kumwiga Mzungu aliyemchora mtumwa wake? Wazee wetu hukuwaona?" Binti akainamisha kichwa, akasema, "Nimewaona, mzee," na hakusema zaidi. Sisi wageni tukatikisa vichwa kumuunga mkono ofisa.

Tulirudi nyumbani na jambo lile likatukaa moyoni. Haikuwa haki kumhukumu mwanafunzi kwa kitu ambacho hatukukichunguza. Tumekichunguza, na safu hii ya leo ni ya kuirekebisha hukumu yetu.

Tuanze na huyo mtumwa. Juan de Pareja alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, katika mwanzo wa karne ya 17. Bwana wake alikuwa Diego Velázquez, mchoraji wa Mfalme Filipo wa Nne, na kazi ya Pareja karakanani ilikuwa ni kazi za mkono wa chini: kusaga rangi, kutayarisha vitambaa, kupanga vyombo. Mwaka 1649 Velázquez alisafiri kwenda Italia kumnunulia mfalme wake picha na sanamu, na Pareja akafuatana naye. Huko Roma Velázquez alitarajiwa kumchora Papa Innocent wa Kumi. Mwandishi Antonio Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Hispania mwaka 1724, anaeleza kwamba kabla ya kumkabili Papa, Velázquez aliupasha moto mkono wake kwa kumchora Pareja. Picha hiyo ilionyeshwa hadharani katika jengo la Pantheon tarehe 19 Machi 1650, na wachoraji wa mji ule wakastaajabu.

Tarehe 23 Novemba ya mwaka huo huo, hukohuko Roma, Velázquez alitia saini khati ya kumwacha Pareja huru, kwa sharti kwamba amtumikie miaka minne zaidi. Kwa hiyo uhuru kamili ulimfikia mwaka 1654. Palomino alikuwa na hadithi tamu kuliko hiyo. Kwa maelezo yake, Pareja alijifunza kuchora kwa siri, akaiweka picha yake mahali ambapo mfalme angeigeuza na kuitazama, naye mfalme akaamuru kwamba mtu mwenye kipaji kama kile hawezi kuwa mtumwa. Watu waliisadiki hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka 200. Khati yenyewe ilikuwa imelala katika nyaraka za Roma mpaka mtafiti Jennifer Montagu alipoichapisha mwaka 1983. Waheshimiwa wanaodharau vyumba vya nyaraka wangefaa kulizingatia hilo.

Katika visiwa hivi hatuhitaji kuelezwa maana ya mtu kuandikiwa huru kisha akaambiwa asubiri. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuondoa utumwa wenyewe Unguja na Pemba ikaja mwaka 1897. Mtu aliyezaliwa siku soko lilipofungwa alikuwa anakaribia umri wa miaka 24 pale sheria hiyo ilipotoka.

Baada ya kuwa huru, Pareja aliishi Madrid akichora kwa jina lake mwenyewe mpaka alipofariki kiasi cha mwaka 1670. Picha yake kubwa inayojulikana, inayoonyesha kuitwa kwa Mathayo, ni ya mwaka 1661 nayo imo katika makumbusho ya Prado. Kwenye ukingo wa kushoto wa picha ile amejichora mwenyewe, amesimama, ameshika karatasi yenye jina lake. Mwaka 1926 Arturo Schomburg, mwanahistoria Mweusi mzaliwa wa Puerto Rico, alisafiri kutoka Marekani kwenda Hispania akaitafuta picha hiyo, kwa kuwa aliamini kwamba habari za watu weusi waliofanya kazi kubwa zimefichwa wala hazikupotea. Ama ile sura aliyoichora Velázquez, iliuzwa London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni mbili, bei ambayo hadi siku ile haijapata kulipwa mnadani kwa picha yoyote, na tangu mwaka 1971 ni mali ya makumbusho ya Metropolitan, New York. Makumbusho hayo mwaka 2023 yalimfanyia Pareja maonyesho kwa jina lake yeye, si kwa jina la bwana wake.

Huyo basi ndiye "mtumwa wa Mzungu" aliyechekwa. Lau yule ofisa angeuliza kabla ya kucheka, binti angeweza kumweleza yote haya, kwani anayajua.

Lakini tuliache hilo, kwa sababu hoja ya pili ya ofisa ni nzito zaidi: kwamba kunakili ni kuiga, na kuiga ni udhaifu. Hoja hii inapendeza masikioni, khasa kwa sisi tuliolelewa katika siasa ya kujitegemea. Hata hivyo haiafikiani na namna sisi wenyewe tulivyosoma. Wazee wetu chuoni walipewa ubao, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Maalim aliandika mstari, mtoto akaandika chini yake mstari huohuo, ukaoshwa ubao, akaanza tena. Hakuna aliyesema kuwa mtoto yule anamwibia maalim khati yake. Na fundi wa kuchonga milango hamwachi mwanagenzi wake abuni ua jipya siku ya kwanza. Humpa ua la zamani alifuatishe mpaka patasi izoee mkono.

Wachoraji wa Ulaya nao walikwenda njia hiyo. Mwaka 1628 Peter Paul Rubens, akiwa na umri wa miaka 51 na jina lake limeshajaa nchi nyingi, alifika Madrid kwa kazi ya ubalozi, na muda wake akautumia kunakili picha za Titian zilizokuwa katika jumba la mfalme. Makumbusho ya Louvre, tangu yalipofunguliwa mwaka 1793, yamekuwa yakiwapa wachoraji ruhusa ya kusimamisha miti yao ya kuchorea mbele ya picha za mabingwa. Sharti mojawapo ni kwamba ukubwa wa nakala usilingane na ukubwa wa picha ya asili, ili pasiwepo mtu wa kuuza ya bandia. Binti yetu alilifuata sharti hilo bila ya kulazimishwa na mtu. Picha ya asili ina kimo cha sentimita 81 na upana wa 70, yake ina 61 kwa 52, na nyuma ya kitambaa ameandika jina la Velázquez kwanza, kisha neno "imenakiliwa na", kisha jina lake.

Hapa inafaa tutofautishe. Kuna kunakili kwa kujifunza, na kuna kunakili kwa kujaza duka. Mtu akipita katika vichochoro vya Mji Mkongwe ataona simba yuleyule na Wamasai walewale wenye shingo ndefu, duka baada ya duka, wamechorwa na mikono ambayo haiulizi tena kwa nini. Hatuwalaumu wenye kutafuta riziki, wala hatumlaumu marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, ambaye alibuni kitu chake mwenyewe kwa rangi za baiskeli na vipande vya ubao. Tunasema tu kwamba mnunuzi wa nakala ya duka ni mgeni, na mnunuzi wa nakala ya darasani ni yule mwanafunzi mwenyewe, naye hulipa kwa muda wake.

Tulirudi darasani mara tatu, safari hii bila ya maofisa, tukaketi nyuma na kutazama kazi inavyokwenda. Tutaeleza tuliyoyaona, maana wasomaji wengi, kama sisi, wakisikia "rangi ya mafuta" hufikiria kopo la kupakia mlango.

Rangi ya mchoraji hutokana na unga laini wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Rangi ya maji hukauka kwa maji kuruka hewani. Mafuta ya kitani hayaruki. Huvuta hewa ya oksijeni na kubadilika yenyewe polepole mpaka yakawa kama ngozi ngumu. Kwa sababu hiyo tabaka moja laweza kuchukua siku kadhaa, na kwa sababu hiyohiyo pana kanuni ambayo haivunjwi: tabaka za chini ziwe na mafuta machache, zimechanganywa na tapentaini, na za juu ziwe na mafuta mengi zaidi. Anayeigeuza kanuni hii ataona uso wa picha umepasuka, kwani juu pameshakuwa pagumu huku chini kungali kunacheza. Vanishi ya mwisho hungoja miezi sita, pengine mwaka. Ile picha tuliyokuwa tukiihukumu, kumbe hata haijakauka.

Kitambaa chake ni cha pamba nzito, jamaa wa kile cha matanga, kimetandazwa juu ya fremu ya mbao, kikapakwa gundi kisha rangi nyeupe. Mwalimu amewakataza vijana kutumia misumari ya chuma, kwa kuwa hewa yetu ya chumvi huila na kutu yake hukitoboa kitambaa. Amewakataza pia kuegemeza picha moja kwa moja kwenye kuta za mawe na chokaa, ambazo wakati wa masika hunyonya maji na kuotesha ukungu. Na matambara yaliyofutia mafuta ya kitani hayarundikwi pembeni ya chumba, maana hukusanya joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila ya kiberiti. Hutiwa ndani ya kopo la maji lenye kifuniko. Tunawaomba wakuu wa skuli wanaoazima vyumba vyao wayasome maneno hayo mara mbili.

Jambo moja lilitufurahisha zaidi kuliko yote. Vitabu vya Ulaya humwamuru mchoraji achague chumba chenye dirisha la kaskazini, ili mwanga uwe mtulivu na jua lisiingie. Kwa muda mrefu vijana walifuata agizo hilo na wakawa wanaunguzwa. Sisi tupo digrii sita tu kusini ya mstari wa ikweta. Tangu Machi hadi Oktoba jua la mchana kwetu liko upande wa kaskazini, na Oktoba hadi Machi liko upande wa kusini. Kwa hiyo darasa sasa huhama na pepo: wakati wa kusi hutumia dirisha la kusini, na wakati wa kaskazi hutumia la kaskazini. Kitabu kilikuwa sahihi kwa mahali kilipoandikwa.

Sasa kazi yenyewe. Makumbusho ya Metropolitan huruhusu picha kama hii, ambayo umri wake umeshapita haki zote za mwenye kuichora, ichukuliwe bure na mtu yeyote. Waliichukua wakaichapisha katika duka la mjini, na rangi za chapa wakaambiwa wasiziamini sana. Binti aligawa chapa katika miraba, akagawa na kitambaa chake kwa miraba ya idadi ileile, akahamisha mistari mikubwa tu: mteremko wa bega, pembe ya kiwiko, mahali kidevu kinapokutana na ukosi. Kisha akaweka tabaka la kwanza kwa kahawia moja ya udongo, nyembamba kama chai ya rangi, akifuta kwa tambara pale penye nuru na kuongeza pale penye kivuli. Alitakiwa afumbe macho nusu, ili vitu vidogo vipotee na yabaki mafungu ya mwanga na giza. Hakufanya hivyo. Alikimbilia macho ya Pareja, kama tungelivyokimbilia sisi sote, akayachora wiki nzima, yakatoka mazuri ajabu. Mwalimu akaipindua picha chini juu, na pale pale kila mtu akaona kwamba jicho la kushoto limepanda kwa upana wa kidole. Likakwanguliwa kwa kisu. Alilia, tuliambiwa, kisha akaanza upya na paji la uso.

Katika tabaka za juu alipewa rangi nne tu: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Tulidhani ni umasikini wa darasa. Kumbe ni mafunzo. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe huonekana ya buluu mbele ya nyekundu, na mwenye rangi nne hulazimika kufikiri kabla ya kuchanganya. Nyeupe wanayotumia ni ya titani, kwani ile ya risasi waliyotumia wakale ina sumu.

Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini mwalimu alimchagua Pareja. Vitabu vingi vinavyofundisha uchoraji wa sura vina hesabu moja ya ngozi, na ngozi hiyo ni ya waridi. Kijana wetu akitaka kumchora mama yake hana hesabu, basi huchukua hiyohiyo akaitia nyeusi, na mama yake hutoka wa rangi ya majivu, kama mtu aliyeugua. Tumeziona picha kama hizo zimetundikwa katika ofisi zetu, za watu tunaowaheshimu, na hakuna aliyethubutu kusema. Katika uso wa Pareja mwanafunzi hupata jibu lililofanywa na mkono wa bingwa. Vivuli vyake vina joto, ni kahawia inayoelekea wekundu, vimepakwa kwa wembamba. Nuru ya kwenye paji na puani ni nzito zaidi na ina ubaridi kidogo, maana ngozi ya kahawia hung'aa na kurudisha mwanga wa mahali ilipo. Baina ya kivuli na nuru pana vituo vingi vya kati, na kazi yote imo humo. Binti alituambia: "Nilikuwa nikidhani weusi ni rangi moja, baba. Katika shavu hili nimehesabu kumi na moja, kisha nikaacha kuhesabu."

Ama ule ukosi mweupe, ambao kwa mbali mtu huapa kuwa ni lesi, ukiukaribia huoni uzi wala ua, ni mikwaruzo michache ya brashi. Alijaribu kuuchora uzi kwa uzi ukafa. Aliupata siku aliyokuwa na haraka ya kuwahi basi.

Wapo wazee wetu ambao kimsingi hawapendi sura ya binadamu ichorwe, na rai yao tunaiheshimu. Wenye elimu wameizungumza kwa marefu na sisi si mahali pa kutolea fatwa. Tunasema na wale ambao tayari wametundika picha majumbani na maofisini mwao.

Kwa wakuu wa Serikali ombi letu ni dogo. Vijana hawa hawana chumba chao wenyewe. Kila jioni hubeba picha zenye rangi mbichi kuzipandisha ngazi ya ghala, na kila asubuhi huzikuta zimegusana. Chumba kimoja chenye dirisha la kaskazini na la kusini, na mlango unaofungwa, kingetosha. Jengo bovu lisilo na kazi halikosekani. Aidha wanapoalikwa watazamaji, wangepewa kwanza nusu saa ya kusikiliza kabla ya kupewa nafasi ya kusema. Nusu saa hiyo ingetufaa sana sisi.

Ofisa yule hatukumwona tena darasani, ila tulimpelekea barua, naye kwa uungwana alitujibu kuwa atakuja.

Atakapokuja hataikuta nakala juu ya dawati, imepelekwa juu ikauke. Atamkuta babu wa yule binti, mvuvi mstaafu, amekaa juu ya kiti cha mwalimu upande wa dirisha, kofia kichwani, analalamika. "Mjukuu wangu, hata pweza hanipotezei muda hivi." Mjukuu humwambia, "Babu, usigeuke." Tabaka la kahawia limeshawekwa, bega limekaa sawa, na macho bado hayajaguswa. Sikio amelikwangua mara mbili, na tulipoondoka alikuwa amekishika kisu kwa mara ya tatu.